Picha za Kipupwe na Amri ya Nane

Kila mwaka, mwezi wa Juni uingiapo na baridi ikaanza kushuka kutoka milimani, waonekana watu wakipita katika njia za vijiji vyetu wakiwa na kamera shingoni au simu mkononi. Wengine ni wageni watokao mbali. Lakini walio wengi siku hizi ni vijana wetu wenyewe, wa Soweto, wa Uyole, wa Iringa mjini, waliobatizwa na kupata Kipaimara katika sharika zetu. Hupanda gari mpaka mwisho wa lami, kisha huendelea kwa bodaboda au kwa miguu mpaka Umalila, Uporoto, ama Makete, wakipiga picha za vilima, za mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na za vihenge vya kale vilivyoachwa uani. Jioni hurudi nyumbani, na kabla hawajalala picha zao zimekwisha kutazamwa na watu wa nchi za mbali.

Juu ya jambo hili wainjilisti wawili wameniuliza. Mmoja auliza kama ni halali Mkristo kupiga picha ya mali ya mtu asiyemjua. Wa pili auliza neno gumu zaidi: ikiwa picha yaonyesha kitu kama kilivyo, wala mpigaji hakuongeza wala hakupunguza, yawezaje kuwa uongo? Nataka kulijibu hili la pili, maana la kwanza limo ndani yake.

Kwanza niliondoe njiani shauri ambalo baadhi ya wazee hulishika, kwamba kila picha ni sanamu, na sanamu zilikatazwa mlimani Sinai. Katika Kanisa letu neno hili liliamuliwa zamani. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipoanza kuziondoa sanamu makanisani kwa fujo, Martin Luther alishuka kutoka ngome ya Wartburg, akahubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba sanamu kwa nafsi yake si njema wala si mbaya. Ubaya umo moyoni mwa mtu aitumainiaye. Hatuna haja ya kulifukua tena. Isitoshe, wazee hao wanaokataza wana picha za arusi zao ukutani, tena katika fremu nzuri.

Wala nisidhaniwe kwamba nayadharau mapenzi ya vijana hawa. Kipupwe cha nyanda zetu ni majira mema kwa jicho la mtu. Mvua zimekwisha, na moshi wa kuchoma mashamba haujaja bado. Hewa ni safi, hata mtu asimamaye juu ya kilima aona vilima vingine nyuma ya vilima. Jua limehamia upande wa kaskazini, vivuli vya asubuhi na jioni ni virefu, mabua ya mahindi yamesimama makavu, na nyasi zimegeuka rangi kama ngozi ya simba. Huko Tukuyu ukungu hukaa migombani hata saa nne. Kitulo, uwanda ulioinuka karibu mita 2,600, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, watu huusifu kwa maua ya wakati wa mvua na kuuita Bustani ya Mungu. Lakini katika kipupwe hakuna maua, ila nyasi kavu, na asubuhi nyingine sakitu juu yake, nyeupe kama unga uliomwagika. Mtu aliyekaa mwaka mzima katika vumbi la barabara kuu, kati ya malori na honi, akienda huko na kusimama kimya, sioni kosa lake. Naona heri asimame kimya huko kuliko kukaa bure kijiweni.

Lakini sakitu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuwaza juu ya jambo hili. Kijana huamka saa kumi na moja alfajiri, ameshika kamera kwa vidole vilivyokufa ganzi, ili aiwahi sakitu kabla jua halijaiyeyusha. Mkulima wa viazi naye huamka saa ile ile. Aona weupe ule ule juu ya majani ya shamba lake, naye ajua ya kuwa adhuhuri majani hayo yatakuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto, na kwamba ada ya shule ya mtoto wake ilikuwa imo ndani ya viazi vile. Hao wawili wamesimama mahali pamoja, wametazama kitu kimoja, na wote wawili wameona kweli. Walakini picha ikitoka, kweli iliyomo ni ya mmoja tu. Atakayeitazama picha ile mbali atasema, "Nchi nzuri namna gani!" Naye hakukosea. Ila hajui kwamba alichokisifu ni hasara ya mtu.

Sasa natuje kwa kihenge, kwa maana ndicho kipendwacho na wapiga picha kuliko vyote, tena ndicho kisichoeleweka kuliko vyote. Msomaji aliyezaliwa mjini huenda hajakiona ila katika picha. Ni ghala ya nafaka. Hufumwa kwa fito au mianzi iliyopasuliwa, mfano wa kapu kubwa kupita mtu, kisha hukandikwa kwa udongo, mara nyingi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Huketishwa juu ya mawe au magogo ili mchwa na unyevu visikifikie, na juu huvikwa paa la nyasi. Kila kabila lina namna yake ya kukijenga na jina lake la kukiita. Zamani mgeni aingiapo uani hakuhitaji kuuliza habari za nyumba ile. Alivitazama vihenge akajua. Na adui naye alijua. Katika vita ya Majimaji, mwaka 1905 hata 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na mashamba na ghala za chakula kwa makusudi, ili njaa iimalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Katika Ubena na Ungoni habari hizo zilisimuliwa na wazee kwa sauti ya chini. Basi kihenge si pambo la uani. Kilikuwa uhai wa nyumba, uliosimamishwa nje watu wote wauone.

Kwa nini leo vihenge vingi vyasimama vitupu, vimeinama, paa limeanguka? Mpiga picha mgeni, na hata kijana wetu wa mjini, hudhani ni umaskini, au ni kwamba wenyewe wamekufa. Sababu kubwa ni mdudu. Namtaja dumuzi, ambaye wengine humwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Katika nchi yetu alionekana upande wa Tabora karibu na mwaka 1980, akaenea katika mikoa mingine pamoja na mahindi yaliyosafirishwa. Hutoboa mahindi yakiwa bado katika magunzi yake, akayageuza unga. Tena hutoboa miti na fito za kihenge chenyewe, akajificha humo hata mavuno mapya yaje. Mtu aliyeweka mahindi yake kama baba yake alivyoyaweka, aliyakuta yamekuwa vumbi. Mabwana shamba wakafundisha watu wapukuchue mahindi mapema, wayachanganye na dawa ya unga, wayatie katika magunia ndani ya nyumba. Siku hizi iko na mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Tena nyumba ya bati yenye kufuli humzuia mwizi kuliko paa la nyasi. Walioyashika mafundisho hayo waliviacha vihenge vyao. Kwa hiyo kihenge kitupu mara nyingi ni alama ya mkulima aliyesikia shauri jema akalifuata. Chakula chake kiko hatua kumi kutoka hapo, nyuma ya mlango. Na Serikali ilipojenga maghala makubwa ya chuma kwa ajili ya akiba ya chakula, kama yale ya Makambako na Mbozi, iliyaita kwa jina lile lile la vihenge. Wala sijasikia kijana hata mmoja akiamka alfajiri kwenda kuvipiga picha hivyo.

Msomaji anisikilize sasa, maana hapa ndipo penye shida. Katika usharika mmoja nisioutaja yuko mjane aliye mzee. Mwanawe afanya kazi Dar es Salaam. Amemjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati na mlango wa mninga. Kihenge cha marehemu mumewe kimeachwa uani, kimeinama upande. Walipita watu wa chama fulani cha misaada, wakakipiga picha. Mwaka uliofuata picha ile ilitokea katika kalenda, na chini yake maneno ya kuwaomba watu wa mbali watoe fedha kwa ajili ya wenye njaa. Kalenda moja ikafika Dar es Salaam katika ofisi aliyopita mwana yule. Alikitambua kihenge cha baba yake kwa jiwe moja kubwa la msingi, ambalo yeye mwenyewe alilikalia utotoni. Watu wa kwao waliokuwa mjini nao wakakitambua, wakaanza kusema, "Kumbe mama yake afa njaa, naye hapa ana viatu vya kung'aa." Kijana akapiga simu nyumbani kwa hasira, akidhani mama yake ameombaomba kwa wageni. Mama hakujua neno lolote. Mwaka ule alikuwa amevuna magunia kumi na mawili.

Nilipokwenda kumwona, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mchungaji, hawakuniibia kitu. Kihenge ni changu, nacho kimeinama kweli. Hata mimi nikikitazama naona kimeinama. Basi wamenifanya nini?"

Alijua kwamba ametendwa vibaya, lakini hakulipata jina la ubaya huo. Mimi naliona katika amri ya nane, ituzuiayo kumshuhudia jirani uongo. Na hapa narudi kwa yule mwinjilisti aulizaye, Uongo u wapi, ikiwa kila kilichomo katika picha ni kweli? Nataka afikiri habari ya mtu aliyeitwa kushuhudia barazani. Mzee aulizwa, "Je, ulimwona mtu huyu akitoka nyumbani kwake usiku wa manane, akinyatia?" Naye ajibu, "Nilimwona." Ananyamaza. Hasemi kwamba mtu yule alikuwa akienda kumwita mkunga, wala kwamba alinyatia asimwamshe mtoto mgonjwa. Kila neno alilolisema ni kweli, na mtu amehukumiwa. Tungesema mzee yule ameshika amri ya nane? Uongo wake haumo katika neno alilolitamka. Umo katika baraza alilolipelekea neno hilo, akijua watu watalielewaje, naye akawaacha walielewe hivyo. Picha nayo haishuhudii kitu ikiwa imelala katika simu ya mpigaji. Huanza kushuhudia ipelekwapo mbele ya watu, na kuwekewa maneno chini yake, au kuachwa bila maneno, ambayo ni njia nyingine ya kusema.

Tena liko jambo ambalo wasiopiga picha hawalijui. Kihenge cha yule mama kiko karibu sana na nyumba ya bati. Mtu asimamaye mlangoni pa ua aviona vyote viwili pamoja. Ili kukipata kihenge peke yake, kimezungukwa na mabua makavu na kilima nyuma, mpigaji hana budi kusogea kushoto hatua tatu. Nimesimama pale nikazihesabu. Hatua tatu hizo ndizo ushuhuda wote. Vijana wetu wazijua sana. Huzifanya kila siku ili waya wa umeme usionekane, ili ndoo ya plastiki isionekane, ili bati lisionekane. Huniambia kwamba bati huharibu picha. Nami nawauliza, bati liliharibu nini kwa mwenye nyumba, aliyelikesha akilitafutia fedha?

Mtu aweza kunipinga hapa, na mapingamizi yake yana nguvu. Atasema kwamba kila asimuliaye jambo huchagua. Mhubiri naye, akisimulia habari ya mtu wa usharika wake mimbarani, huacha mengi. Wainjili wenyewe waliandika machache katika mengi, na mmoja wao amekiri hivyo mwishoni mwa kitabu chake. Ikiwa kuchagua ni kudanganya, basi tufunge vinywa sote. Nakubali kwamba hakuna asimuliaye bila kuacha. Lakini katika Katekisimo Ndogo Luther hakutosheka na kuukataza uongo. Alitaka pia tusimame upande wa jirani asipokuwapo, na mambo yake tuyafahamu kwa wema kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo nikitaka kujua habari ya kilichoachwa, nauliza kimeachwa kwa faida ya nani. Mhubiri mwema huacha jina la mwenye dhambi ili amfunike. Mpiga picha yule aliacha bati ili mjane aonekane maskini kuliko alivyo, na faida haikuwa ya mjane.

Wala nisieleweke kwamba nataka picha za kusifu tu. Huo nao ni uongo, tena sisi watu wa Kanisa ndio tuuwezao zaidi. Wageni wa usharika-rafiki wanapokuja, ukuta mmoja wa shule hupakwa chokaa, ule utakaoelekea kamera. Na magazeti ya misioni ya Ulaya ya zamani yalipenda kuweka picha mbili kando kando, moja ya watu wenye mavazi ya asili yao, nyingine ya watu waliovaa kanzu nyeupe, kana kwamba nguo ndiyo wokovu. Wazee wetu walioonyeshwa katika picha ya kwanza hawakuulizwa kama wao walijiona kuwa gizani siku ile walipopigwa, au kama walikuwa tu wakitoka shambani. Mahali penye njaa, njaa na ionyeshwe. Nimezika watoto katika mwaka wa njaa, nami singemkataza mtu kupeleka picha ya mwaka ule mbele ya dunia yote.

Wako watakaotaka kanuni, hasa walimu wa Kipaimara, kwa kuwa vijana huwauliza. Mimi sina kanuni ya kuenea kila mahali. Nina swali ambalo huwauliza: Picha hii waweza kumpelekea mwenye kihenge, ukamwekea mkononi, na maneno yako ya chini ukamsomea kwa lugha yake, ukiwa umekaa mbele yake? Wale wa kalenda wasingaliweza. Kijana mmoja alinijibu kwamba hamjui mwenyewe, alikuwa akipita njia tu. Nikamwuliza kama alipiga hodi. Akacheka, akasema kihenge kiko nje, hakina mlango. Lakini katika nchi hii ua ni nyumba, hata usipokuwa na ukuta. Hakuna mtu mwenye adabu akatizaye uani kwa watu bila kuita, hata kama njia yapita hapo. Kioo cha kamera huingia mpaka kwenye jiko la mama bila hodi, tena huingia kutoka mbali, mwenye jiko asijue kwamba ameingiliwa. Hilo ndilo jibu langu kwa mwinjilisti wa kwanza: ni halali, lakini pigeni hodi.

Hapo huletwa habari ya picha za zamani, kwa kuwa zilipigwa bila hodi, nasi leo twazifurahia. Ni kweli. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alizunguka katika nchi hizi za kaskazini ya Ziwa Nyasa kabla ya mwaka 1900 akiwa na kamera, na kitabu chake kikubwa kikapigwa chapa Berlin mwaka 1906. Walther Dobbertin alifuata, akapiga picha nyingi mno katika koloni lote. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian, waliofika Ukonde mwaka 1891, nao walipiga zao, na nyingi zimehifadhiwa mpaka leo Ulaya. Nyingine mtu aweza kuzitazama katika simu yake akiwa amekaa hapa Soweto. Nimezitazama usiku mwingi. Zaonyesha nyumba ambazo sasa hakuna ajuaye kuzijenga, na namna ya kufunga kamba kwenye paa, na vikapu, na mashamba ya matuta katika miteremko. Kama zisingalipigwa, tungalibaki na masimulizi tu. Nashukuru kwa ajili yake.

Lakini mara nyingi chini ya picha imeandikwa jina la kabila, na hapo basi. Mwanamke amesimama kando ya ghala yake, amemtazama mpigaji kwa macho ya mtu aliyekatizwa kazi, naye hana jina. Bila shaka ana vitukuu. Pengine mmoja wao asoma gazeti hili. Kitukuu akiitazama picha ile hawezi kumsalimu bibi yake, maana hamjui. Mtu yule aliyepiga alikuwa na kalamu na karatasi, aliandika urefu wa mlima na jina la mdudu. Ingalimgharimu nini kuuliza, "Bibi, waitwa nani?"

Mtaa wetu unashiriki jina na mji ule mkubwa wa Afrika Kusini, na kwa sababu hiyo nataka nitaje picha moja iliyopigwa huko, siku ya baridi pia, tarehe 16 Juni 1976. Watoto wa shule waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, polisi wakawapiga risasi. Sam Nzima, mpiga picha wa gazeti, alimpiga kijana aliyembeba mtoto mikononi, na dada yake mtoto akikimbia kando. Mtoto alikuwa Hector Pieterson, wa miaka 12. Aliyembeba ni Mbuyisa Makhubo. Dada ni Antoinette. Picha ile ilitangaa duniani pote, na hakuna aliyeweza kuikanusha. Nzima alisumbuliwa na polisi hata akauhama mji na kazi yake. Makhubo alikimbia nchi, na mama yake hakumwona tena. Basi ushuhuda wa kweli nao una gharama, tena haikulipwa na mpigaji peke yake. Naitaja ili mtu asidhani kwamba nataka kamera zifungwe kabatini. Nataka vijana wajue kwamba wameshika kitu kizito. Na wale watatu twawajua kwa majina.

Limebaki swali ambalo sikuulizwa, lakini lanisumbua. Kwa nini kihenge kipendwe kikiwa kimeinama? Kilipokuwa kizima, kimejaa, kimekandikwa vizuri, hakuna aliyekitazama. Sasa kinakufa, watu waja na kamera. Wako wasemao kwamba huku ni kupenda maiti, na kwamba mwenye macho ya kuona kihenge kinaanguka hana budi kuwa na mikono ya kukiinua, sivyo amefanana na kuhani na Mlawi waliopita kando. Neno hili ni zuri, nami nalikataa. Mjane wetu hataki kihenge kiinuliwe. Akikiinua atakuwa amewajengea dumuzi nyumba. Si kila kilichoanguka ni jeraha; vingine vimemaliza kazi yake, na kuvitazama vikirudi udongoni polepole, kipupwe baada ya kipupwe, si dhambi, wala si uvivu. Mtu aweza kuupenda uso wa mzee bila kutaka kumfanya kijana.

Lakini viko vilivyoanguka kwa kusukumwa, na picha haiwezi kutofautisha. Katika mkoa wa Iringa kuna mabonde ambako mpita njia aona utulivu mtupu: kichaka cha mianzi ya ulanzi kilichopandwa na mtu, mawe matatu ya meko, kichuguu mahali palipokuwa ukuta. (Juu ya ulanzi wenyewe nimesema ya kutosha katika kurasa hizi, sitarudia.) Vijana hupapenda, kwa kuwa mwanga wa jioni waingia hapo kwa upande. Watu wa huko hupaita mahame. Utulivu ule una mwaka wake, nao ni 1974, watu walipohamishwa kwa amri kwenda kukaa katika vijiji, na mahali pengine nyumba zao zikachomwa ili wasirudi. Sisemi kwamba hakuna mema yaliyotoka vijijini. Wengi wetu tulipata shule kwa sababu hiyo. Lakini atakayepiga picha ya mahame na kuandika chini yake "Amani", na aulize kwanza amani ile ilikujaje.

Kijana mmoja wa hapa Soweto alikwenda kwa yule mjane kipupwe kilichopita, akiisha kusikia habari ya kalenda. Aliita hodi kutoka njiani, akaamkia, akapewa kigoda, akaeleza haja yake. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, ngoja." Akaingia ndani, akatoka na kitenge cha Jumapili, akasimama mbele ya mlango wa mninga, akaagiza magunia mawili yaletwe mpaka kizingitini yaonekane. Kijana aniambia picha ile haina uzuri wowote: jua lilikuwa utosini, bati lametameta, na ufagio umeachwa umeegemea ukuta. Ndiyo aliyoitaka bibi, naye ameipeleka Dar es Salaam.

Kisha kijana akaomba na ya kihenge. Bibi akamruhusu, asogee kushoto akitaka, ila iandikwe chini yake jina la mumewe aliyekifuma, na kwamba kiliachwa kwa ajili ya dumuzi, na mwaka kilipoachwa. Mwaka hakuukumbuka. Wakakaa wawili, kalamu mkononi, wakihesabu kwa kuzaliwa kwa watoto na kwa kufa kwa ng'ombe mmoja wa mahari, wakakosea, wakaanza tena, hata wakafika 1987.